Wamama Walimtafitina Maji

Nina watoto wawili waliosoma, na hawaandiki lugha moja, ingawa wamenyonya ziwa moja.

Wa kwanza ni mtu wa miamba. Alipokuwa akiandika utafiti wake alileta mawe kutoka upande wa Geita, akayapondea kwenye kinu changu hapa Nyahanga. Mpaka leo kisamvu chetu kina mchanga. Kitabu kilipotoka nikamwomba anisomee palipoandikwa habari ya kinu. Akasoma: “Sampuli zilipondwa.” Nikauliza zilipondwa na nani. Akasema hilo haliandikwi, sayansi haina mimi wala wewe. Nimenunua mpunga Ushetu miaka mingi, na mtu akiniambia gunia limepimwa, nauliza limepimwa na nani kabla sijauliza bei. Wenzetu wa miamba mawe yao hujipeleka yenyewe kinuni.

Binti yangu yeye anasoma Kiswahili. Alikwenda karibu na Masumbwe, kwenye mwalo, pale wanaposaga na kuosha mawe ya dhahabu, akakaa na wamama wanaoimba huku wakimimina maji. Msimamizi wake alimwambia aandike kama mtu aliyekuwepo: nilikaa, nilisikia, mimi nilicheka nao. Kwa hao wa nyimbo, ukijificha wanakuuliza ulikuwa wapi.

Kazi ilitakiwa ifike chuoni Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa, asingehitimu na wenzake, angesubiri mwaka mzima. Nami nilishanunua kitenge cha mahafali na kuutangazia mtaa, na kitenge kilichokatwa dukani hakirudi.

Jumapili binti alipokwenda kanisani, kaka yake alifungua kompyuta amsaidie. Alipoona “mimi” zimejaa aliona aibu ya familia. Akaiamuru kompyuta kila penye “mimi” iweke “mtafiti”, kisha akarekebisha vitenzi kwa mkono, akaichapa kazi yote, akanipa niangalie kama kurasa zimetimia.

Mimi kitu nakihesabu mara mbili, na kusoma nasoma hivyo hivyo. Mara ya kwanza nilikuta, “Wamama walimtafitina maji.” Nikapita kwa heshima, nikajua ndiyo mambo ya chuo. Mbele kidogo wimbo wenyewe ukasema, “Nimtafitinie, mwenzangu, nimtafitinie.” Nikasema moyoni, hawa wamama wa mwaloni wamesoma kuliko nilivyodhani. Mara ya pili ndipo nikasimama. Maji nayajua. Maji yanamiminwa. Hayafanyiwi fitina.

Nilimwita mtu wa miamba. Akasoma, akasoma tena. “Mimi” ilikuwa imejificha ndani ya “mimina”, na kompyuta haikuuliza, ilifukuza tu.

Binti aliporudi, alituamkia, akaziona kurasa, akaketi bila kuvua viatu.

“Kaka, umenifuta kwenye kazi yangu mwenyewe?”

“Nimekuvalisha koti, mdogo wangu. Ulikuwa unaandika kama unapiga umbea.”

“Mwalimu ndivyo anavyotaka. Ndiyo fani yetu.”

“Basi fani yenu ni umbea wenye marejeo.”

Hakucheka. Macho yalikuwa yameanza kujaa, nami nikaona mahafali yanaondoka na kitenge changu. Nikaingia katikati kama dalali. Nikamuuliza kijana, huyo “mtafiti” aliyekaa mwaloni ni nani. Isije ikawa ndiye aliyerudi hapa na tope mpaka magotini, nikamfulia. Akakiri ndiye. Nikamwambia basi anirudishie mwanangu, na kwa kila watafiti wawili nitamwachia mmoja. Binti akakataa bei hiyo, akataka wote watoke. Mwishowe walikubaliana mtafiti abaki kwenye sura ya mbinu, ambako hata msimamizi humvumilia, na kwa wamama arudi “mimi” na tope lake.

Walikaa ubavu kwa ubavu mchana wote uliobaki, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akirekebisha. Kila fitina ilipopatikana, binti alimtazama tu kaka yake, naye aliinamisha kichwa kama anatafuta jiwe sakafuni. Kufika jioni walikuwa wakiimba wimbo wa mwaloni, ule wa kweli. Jumatatu asubuhi kazi ilitumwa.

Amepita. Kitenge nimekivaa. Lakini kazi iliporudi, msimamizi alikuwa ameweka duara jekundu mahali pamoja tulipopitiwa sote, hata mimi na mara mbili zangu: “tope lilikuwa kimtafitinika.” Pembeni aliandika, “Istilahi mpya. Chanzo chake?”

Binti alinionyesha, akaniuliza ajibuje.

Nikamwambia aandike kwa mtindo wa kaka yake: neno lilipatikana.

Akakataa. Kwao chanzo hutajwa. Akaandika: “Kaka yangu, mahojiano ya ana kwa ana, Nyahanga.”