Kaka Aliniambia Niandike Mita kwa Penseli

Jumanne. Asubuhi ukungu na baridi ya sweta, jua limetoka saa nne. Mnisamehe, nimezoea kuanza hivyo kwenye shajara yangu. Admin, naomba ufiche jina langu.

Nina miaka thelathini na moja, nilimaliza kidato cha nne, sijaolewa. Kwa miaka minne nimefanya kazi katika shamba la mboga mahali panapoitwa Kwanza, huko juu mtoni. Kila saa moja asubuhi nilisoma mita ya pampu inayovuta maji mtoni, nikaandika namba kwenye kitabu cha shamba na kutia sahihi. Kitabu hicho ndicho maafisa wa maji hukagua. Msimamizi wa shamba ni kaka yangu wa tumbo moja. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyenisomesha, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma hiyo mita.

Siku ya kwanza aliniambia, "Sista, namba andika na penseli, sahihi weka na kalamu. Wino nitapitisha mwenyewe. Wewe nakujua, utakosea uchafue kitabu ya watu." Nikacheka. Nikawa naandika namba hiyo hiyo kwenye shajara pia, chini ya hali ya hewa. Mazoea tu.

Kiangazi hiki mto ulikauka huku chini Naitiri, kwa mama. Watu wakalalamika, maafisa wakaja shambani. Mita ilikuwa imepita mbali sana namba ya kitabu. Kaka akaninyooshea kidole mbele ya wafanyakazi wote.

"Mita ni mbovu, na msomaji ndiye huyu. Sahihi si ni yake? Mimi hata siijui hiyo kitu."

Nilifungua kitabu. Namba zangu zilikuwa zimefutwa, na nyingine ndogo zaidi zimeandikwa juu yake kwa wino. Sahihi yangu haikuguswa.

Sasa shamba limeshtakiwa kwa kuvuta maji kupita kibali, na mimi kwa kuandika uongo. Kaka alinipigia simu Jumapili: "Wewe huna bwana, huna mtoto. Mimi niko na wanne. Kubali tu, ni kosa ndogo."

Nilikuja kwa mama na shajara kwenye mfuko. Nilimkuta akirudi na mtungi kichwani kutoka kisima cha mbali, kwa sababu ya maji yaliyovutwa na mwanawe. Alipoutua nikamsomea namba za siku tatu tu. Akanizuia.

"Funga hiyo kitabu. Ati umpeleke ndugu yako kotini? Si ni yeye alikusomesha?"

"Mama, na maji yako je?"

"Maji itarudi mvua ikinyesha. Mtu akitoka jela harudi vile alienda."

"Na mimi nikienda?"

Aliubeba mtungi, akaingia nao jikoni.

Kesi ni Alhamisi. Namba za kweli zimebaki kwenye shajara hii peke yake. Nyinyi mnaosoma, mngekuwa mimi mngeitoa mbele ya hakimu, au mngemlipa kaka ile karo ya shule kwa kufungwa? Niambieni kabla ya Alhamisi.

Nazima taa saa saba na robo usiku. Mama bado anakohoa chumbani kwake, hajalala.