Dole Gumba Begani

Watu wa mtaani walimwita Mama Milango, kwa sababu kila sanamu aliyoitengeneza ilikuwa na mlango mahali ambapo Mungu hakuuweka: mgongoni, gotini, mara moja hata kwenye paji la uso, na kitasa chake kidogo. Wapo waliosema kichwa chake kina nati iliyolegea. Hakuwa na muda nao.

Alianza kwa kufinyanga nta. Nta ikifunikwa kwa udongo huchomwa mpaka iyeyuke itoke yote, na shaba ya moto humiminwa kwenye nafasi iliyobaki. Kwa hiyo kila sanamu yake ilikuwa moja tu, haina nakala. Jambo lililomkera kuliko yote ni alama za vidole. Kwa miaka kumi na moja alimhubiria fundi wake wa msasa, mtu mzima mwenye wajukuu, kwamba isibaki hata moja, mpaka fundi akawa mkali kumshinda yeye.

Mwaka huo mama yake alikuja kukaa naye kwa ajili ya matibabu. Siku moja aliingia karakana akaikuta nta ya mwanamke asiye na kichwa, ngazi zikishuka kutoka shingoni hadi kwenye mlango wa tumboni.

"Mwanangu, huyu naye kilemba atakifunga wapi?"

Kabla hajajibiwa, akalibonyeza bega la kushoto kwa dole gumba, kama anayepima parachichi sokoni. Binti alinuna kutwa nzima. Alisema atalisawazisha kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na wiki ya tatu wakamzika mama.

Hapo hakuligusa tena. Hofu yake ikawa moja: je, shaba itaipokea ile alama? Udongo ulipovunjwa alipiga magoti na kurunzi mkononi. Mistari yote ilikuwapo, hata kovu la kisu cha jikoni kwenye dole la mama. Alilia peke yake, akanawa uso, akaenda kwa kaka yake kugawa nguo za marehemu. Hakumwambia mtu. Aliona haya kuvunja sheria yake mwenyewe.

Aliporudi kesho yake mchana, fundi alikuwa akimsubiri mlangoni, uso umemchangamka.

"Pole na safari, mama. Nimeona nikupunguzie kazi, maana una msiba. Begani palikuwa na alama ya kidole, tena ya kina. Imenitoa jasho, lakini sasa hata uvae miwani huioni."

Alipitisha mkono. Bega lilikuwa laini, bega la mtu yeyote.

"Kazi safi," akasema, na ilikuwa kweli.

Fundi alimtazama, wasiwasi ukaanza kumwingia. "Kwani ilikuwa yako?"

"Yangu ningeifuta mwenyewe."

Mzee wa watu akaketi kwenye kigoda, kipande cha msasa bado mkononi, asijue pa kukiweka. Mama Milango alikuwa ameinama chini ya sanamu, akitafuta vumbi la shaba. Fundi alikuwa ameshafagia.