Bawaba ya Ubwiriunga

Siku yangu ya kwanza kazini, Dar es Salaam, nilivaa koti jeupe nikitarajia kushika chupa. Mkuu wa Maabara, mama asiyependa maneno mengi, akanionyesha kompyuta. "Kaa hapo. Kazi yako ni kutazama protini zinavyocheza."

Ninyi mnaoanza leo mnajua kwamba protini haitulii. Ni mnyororo uliojikunja, na nyingi zina vipande viwili vinavyofunguka na kufumba. Katikati pana sehemu laini inayokunjika. Hiyo ndiyo bawaba, na kuitafuta ndiko kulikonilisha hadi nikastaafu.

Mwanzoni nilipandanisha picha mbili, ya kufunguka na ya kufumba, nzima kwa nzima. Kila mahali pakaonekana pameyumba kidogo. Mkuu akacheka. "Unataka kuwaridhisha wote? Shika kipande kimoja kikae palepale, kisha tazama kingine kinaanzia wapi kuondoka."

Baadaye nikahamishiwa Mtwara, kwetu, chini ya Mkurugenzi mwenye haraka na kila kitu. Wakulima walilalamika kwamba dawa ya maji haiuwezi tena ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaobabua maua ya mikorosho. Tukaenda kijijini Mahurunga kuchukua maua yaliyougua, na shambani nikamkuta Bi Somoe, mjane, shoga wa marehemu mama yangu. Wanawe walikuwa wameshanoa mashoka. Walitaka kuchoma mkaa, kisha wapande ufuta.

"Mwanangu, mikorosho hii kaipanda marehemu mume wangu. Nnaikata au nnaiacha?"

"Nipe muda kidogo, mama."

"Muda waombe hao wenye mashoka!"

Wenzangu walichunguza tundu ambamo dawa hukaa ndani ya protini ya ukungu. Halikuwa limebadilika hata kidogo, na Mkurugenzi akataka tuachane nalo. Mimi nikashika kipande kimoja, nikatazama kingine. Badiliko lilikuwa mbali na tundu, kwenye bawaba. Ilikuwa imekakamaa, hivyo protini haikufumba tena kuibana dawa.

"Dar wakithibitisha," akasema Mkurugenzi, "utakwenda mwenyewe kumwambia yule mama."

Walithibitisha, nami nikaenda. "Msikate. Rudini kwenye salfa, ile ya unga. Yenyewe haiitegemei protini hiyo."

Vijana walinuna, maana salfa inawasha macho. Bi Somoe hakubishana nao. Alikusanya mashoka, akayasukumia chini ya kitanda chake. Nilirudi nyumbani Magomeni, ya hapa Mtwara mjini, nikiwa na hofu tupu. Kompyuta ilikuwa imesema, lakini mikorosho ilikuwa bado haijasema, na nikikosea ningekuwa nimempotezea mjane msimu mzima.

Siku ya kuniaga kazini, nilipostaafu, Bi Somoe alikuja akiegemea mkongojo. Alisikiliza hotuba zote za kunisifu, kisha akanivuta pembeni.

"Hiyo bawaba yako, uliwahi kuiona kwa macho?"

"Hapana, mama. Haionekani."

Akanipakatisha mfuko wa korosho za mikorosho ile ile, bado za moto.

"Basi itafune."

Nilitafuna huku nikilia mbele ya wakubwa wote, na sikuona haya.