Kitabu cha Mjerumani

Jana nilimwaga jiki, ile dawa ya kusafishia, sakafuni, na harufu yake ikanirudisha kwenye sebule yetu ya Sparkbrook, Uingereza. Vidole vya baba vilinuka hivyo kwa kusafisha hospitali, na kitabu chake nacho kikanuka hivyohivyo. Kule Bukavu alikuwa mwalimu. Vita vilipozuka alikimbia na kitabu kimoja tu, cha Kifaransa: mawazo ya mwandishi Mjerumani wa zamani kuhusu maisha, sanaa na tabia za watu. Kila jioni alinisomea wazo moja, akaniuliza maana yake kwa Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kiingereza.

Bibi, mama yake mzazi, alipofariki kule, hatukuwa na karatasi za kusafiri. Tukafanya matanga bila maiti, mle sebuleni. Picha ya bibi iliwekwa juu ya kiti kilichoyumba kwa mguu mmoja mfupi, na watu wa kanisa wakajaa hadi kwenye ngazi. Baba alipoombwa neno, hakufungua Biblia. Akamsoma Mjerumani wake, kwamba mchoro mkubwa huonekana vizuri ukisimama mbali, na maisha ni vivyo hivyo.

Mama mmoja mzee wa kanisa akamtazama.

"Papa, huku si mbali tayari? Huyo muzungu anataka tusimame wapi tena?"

Hakuna aliyecheka. Baba akanigeukia, kama jioni zote.

"Mwanangu, waelezee."

Nilikuwa nimeelewa kila neno.

"I don't know, Dad," nikasema.

Akakifunga kitabu, akainama, akakisukuma chini ya ule mguu mfupi wa kiti. Picha ya bibi ikaacha kutikisika.