Cherehani ya Mahari ya Shangazi

Juzi jirani yangu hapa Kinyinya alinunua cherehani ya zamani, ya kuwekwa sebuleni iangaliwe tu, akaniita nimwambie kama ni ya asili. Nilipoinama kuigeuza, harufu ikanipanda puani: mafuta ya cherehani, mafuta ya taa na vumbi la uzi. Nikaisahau namba niliyokuwa naitafuta. Nilikuwa nimekwisha kurudi Biryogo, mtaa wa utoto wangu, kwenye kibaraza cha Babu, nimekaa juu ya kigoda kirefu na miguu haifiki chini.

Niwaambie, wenzangu, Babu hakuwa mshonaji. Alikuwa fundi wa cherehani, na mtaa ule wenye mshonaji kila mlango haukumpa nafasi ya kupumzika. Hata kanzu yake ya Idi ilikuwa na doa la mafuta mahali fulani. Mama alishinda sokoni, kwa hiyo mimi nililelewa katikati ya magurudumu na sindano, na kabla sijaweza kusoma kitabu vizuri nilikuwa najua kusoma cherehani.

Alinifundisha taratibu. Kwanza unatafuta namba iliyogongwa kwenye chuma cha chini. Namba tupu ni bibi kizee, alisema. Yenye herufi moja mbele ni mama. Yenye herufi mbili ni binti. Kisha unatazama gurudumu: la zamani lina matundu, la baadaye limeziba. Mwisho unapeleka mkono pale panapopimwa urefu wa mshono. Za kwanza zilikuwa na skrubu tu. Baadaye kiwanda kikaleta kishikio cha kurudisha mshono nyuma, na washonaji wakashukuru Mungu. "Cherehani haisemi uongo," Babu alikuwa akiniambia, "ila watu huisemea."

Basi ikafika zamu ya Shangazi Hadija, naye mshonaji, kuolewa. Alipoulizwa mahari, alitaja msahafu na cherehani ya chuma ya zamani, si hizi za siku hizi zinazorukaruka mezani. Mchumba wake, Yusufu wa Kabuga, alikuwa amekulia Burundi na kazi yake ilikuwa kuchomelea milango na madirisha. Alikuwa mkimya mno. Akija kwetu alisalimia, akakaa, akaangalia viatu vyake mpaka saa ya kuondoka. Wanawake wa mtaani walimhurumia Shangazi, wakisema atakwenda kuongea na kuta.

Nakumbuka pia kwamba siku hizo tupa nyembamba ya Babu, yenye mpini uliofungwa kitambaa cha kijani, haikuwepo kwenye msumari wake. Nilipouliza, alinijibu kwamba vyombo vya fundi navyo hutembea.

Siku ya posa hema lilifungwa uani, chupa za Fanta zikapangwa, na pilau ikanukia mpaka msikitini. Wageni walikaa upande wao, sisi upande wetu, na bibi harusi alikuwa ndani nyuma ya pazia. Kwetu bwana harusi hajisemei siku hiyo. Husemewa na mzee wa upande wake, na mzee huyo hupimwa kwa ulimi. Yusufu aliletwa na mjomba wake, Mzee Isa, mtu ambaye angeweza kukuuzia mbuzi wako mwenyewe.

Kitambaa kilipofunuliwa, maua ya dhahabu yaling'aa juu ya chuma cheusi. Mzee Isa akasimama.

"Muangalie vizuri, wazee wangu! Hii iko asili, asili kabisa! Tangu itoke kwa kiwanda hakuna mkono imeigusa, hata skrubu moja. Iko sawasawa na huyu mtoto wenu tunakuja kuomba!"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja pembeni yangu alinong'ona, "Chema chajiuza," na nusu ya pili akaimeza.

Babu alitikisa kichwa kwa heshima. "Asante sana, Mzee Isa. Sisi hapa tuna msomaji wetu. Mjukuu wangu, njoo uwasomee wageni."

Moyo wangu ulijaa. Nilikwenda na gauni langu jipya, nikainama, nikasoma kwa sauti: namba ina herufi moja, gurudumu lina matundu, ni ya zamani kweli. Makofi tena. Kisha mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda pale panapopimwa urefu wa mshono, ukakuta kishikio badala ya skrubu.

"Lakini Babu, hiki si chake. Kimetoka kwenye cherehani nyingine. Na hili tundu limekatwa kwa tupa."

Mzee mmoja akaiweka chini chupa yake ya Fanta. Mimi niliona chuma tu, lakini wakubwa walikuwa wamesikia mahari ikifananishwa na binti, na sasa mahari imeonekana imeguswa. Kwa neno kama hilo wazee huweza kuinuka na chai wakaiacha. Pazia la mlangoni likatikisika. Nilijua ni Shangazi, na kwa mara ya kwanza nikaogopa.

Mzee Isa akaanza, "Huyu mtoto..." Babu akanyanyua mkono. Hakumtazama yeye. Alikuwa anamtazama Yusufu.

Yusufu akasimama. Mjomba akamvuta koti, akabaki amesimama.

"Mzee, mbabarire, mnisamehe. Mjomba hakujua. Iko mimi nimetia hiyo kitu. Hadija anapenda ya zamani juu iko na nguvu, lakini ya zamani hairudi nyuma. Kila mwisho wa mshono anafunga uzi na mkono, vidole vinamuuma. Nikatafuta kishikio, nikakata hapo pole pole. Kama iko kosa, ni langu."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna hiyo. Hakuna aliyewahi.

Babu akaomba kitambaa. Akakunja kitenge mara kadhaa kiwe kizito, akashona kwenda mbele, akainua kishikio, na sindano ikarudi juu ya mstari uleule bila kupotea. Akawapa wazee wakipitishe mkononi.

"Mzee Isa," alisema, "hii imeguswa."

"Ndiyo, mzee wangu," mgeni alijibu kwa sauti ndogo.

"Imeguswa vizuri."

Kicheko kikalipuka, na nyuma ya pazia kigelegele kikatoka kabla ya wakati wake. Kila mtu aliitambua sauti, na bibi harusi alitaniwa kwa kukosa haya mpaka watoto wake walipoanza shule.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile mimi ndiye niliyegundua. Kisha macho ya Babu yakapungua nguvu, akanirithisha sanduku lake la vyombo. Siku moja nililipeleka kwa Shangazi kumtilia mashine mafuta. Alipoiona tupa yenye kitambaa cha kijani, akacheka.

"Tupa hii! Si ndiyo Baba alimwazima Yusufu? Akamfundisha na kuishika."

Niliketi. Kumbe Babu alilijua tundu lile kabla ya siku ya posa. Kilichomshtua ni ule uongo wa Mzee Isa, uliotaka kukipa kiwanda kazi ya mikono ya kijana. Kumkanusha mgeni mbele za watu asingeweza, adabu haikumruhusu. Mtoto anayesoma alama hamkanushi mtu. Na Yusufu, mkimya yule, alihitaji kufunguliwa mlango ajisemee. Nilimpenda Babu upya siku hiyo, na alikuwa bado hai, nikamwambia. Akaniuliza kama chai iko tayari.

"Vipi?" jirani akanizindua. "Ni ya asili?"

Nikapitisha kidole pote. Laini. Hakuna mkono uliowahi kuibadilisha chochote. Nikamwambia ndiyo, ni ya asili kabisa, haijaguswa. Alifurahi sana, nami nikaionea huruma kidogo ile cherehani.