Usimwambie Mgeni wa Linux Kwamba ni Rahisi

Nakumbuka siku ile kompyuta ya marehemu Deo ilipoingia nyumbani Katandala, huku Ufipa, imeviringishwa blanketi, matope yamepenya hadi ndani. Mwanangu, usicheke. Barabara ya Tunduma enzi hizo, masika ikikolea, lori lililala njiani na abiria wakapika hapohapo. Ndiyo maana hata Deo mwenyewe hakuletwa. Alifia Dar es Salaam alikokuwa akisoma, akazikwa hukohuko, na mama yake, shangazi yangu Skolastika wa Chanji, hakumwona mwanawe wala hakumtupia udongo.

Aliyeileta alikuwa Lusajo, kijana wa Mbeya aliyesoma na Deo. Pamoja na kompyuta alileta sidii. Alisema Deo, kabla ugonjwa haujamzidi, alirekodi humo sauti yake ili mama yake aisikilize. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kifuani. Kifua chenyewe kilikuwa kinamsumbua miaka. Akatuambia waziwazi, "Nimsikie mwanangu mara moja tu, halafu Mungu afanye anavyotaka." Hakutaka kingine.

Mimi nilikuwa na kibanda changu cha kuchapa karibu na soko. Mambo ya soko huria yalikuwa yameingia, kila mtu na biashara yake, na mimi na taipureta yangu nikajiona mtu. Kompyuta nilikuwa nimegusa kidogo kwa watu. Lakini ya Deo haikufanana na nilizoziona, maana ilikuwa ya Linux, mfumo mwingine kabisa wa kuendeshea kompyuta. Deo aliipenda hiyo Linux kupita kiasi, hata sauti yake aliihifadhi kwa namna ya Linux hiyohiyo. Tulijaribu sidii kwenye deki za majirani, zikaikataa. Kompyuta ya jirani pale sokoni nayo ikasema haiitambui. Na ile ya Deo, programu ya kusikilizia haikuwamo, ilibidi iwekwe kutoka sidii nyingine ya Lusajo, ya programu, aliyotuachia.

"Rahisi tu, dada," Lusajo akaniambia. "Unaandika hivi, halafu hivi, inaingia." Vidole vyake vikakimbia, kioo cheusi kikajaa maneno ya Kiingereza, na kabla hajamaliza umeme ukakatika. "Umeme ukirudi utamalizia mwenyewe. Si umeona?"

Sikuona kitu. Nilitaka kumwambia anirudishe mwanzo, hata kwa mdomo tu. Lakini kwetu aliyeleta vitu vya marehemu hachoshwi kwa maswali. Anapewa maji ya kunawa, anapewa ugali wa ulezi, anaachwa apumzike, kwa kuwa amebeba msiba. Wazee walikuwa wamekaa pale wananitazama. Nikasema, "Ndiyo, nimeona." Alfajiri akaondoka na lori, umeme bado haujarudi.

Ulipowaka nikaandika nilichodhani nimekiona. Kompyuta ikakataa. Nikabadilisha, ikakataa. Siku ilipokubali kunisikiliza, ikaniambia programu hiyo haiwezi kuingia mpaka nyingine iwepo kwanza. Nikaitafuta hiyo nyingine, nayo ikadai mwenzake. Mwenzake akadai wa tatu. Umewahi kupeleka posa kwenye ukoo uliogawanyika? Baba anakutuma kwa baba mkubwa, baba mkubwa anakutuma kwa mjomba, na mjomba hayupo, kahamia Kaoze. Ndivyo ilivyokuwa. Na yote hayo kwa Kiingereza, mimi na darasa langu la saba.

Nikanunua vocha, nikampigia Lusajo. "Mbona rahisi, dada, wewe andika tu..." akanitajia msururu wa herufi, vocha ikaisha katikati. Sikumchukia, hapana. Hakuwa kijana mbaya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, basi.

Kila Jumapili baada ya misa shangazi alipanda kutoka Chanji kwa miguu, anasimama kupumzika njiani, anafika anakaa kando ya ile kompyuta. "Bado, mwanangu?"

"Bado kidogo, shangazi. Inakaribia."

Nilisema hivyo nikimhurumia. Jumapili moja akanishika mkono. Alikuwa mpole shangazi yangu, lakini siku hiyo alinikaripia. "Inakaribia wapi? Wewe hujui. Kutojua si dhambi, ila unanikalisha hapa na pumzi zenyewe ndizo hizi. Mwambie yule kijana kwamba hujui, aje."

Kesho yake nikampigia Lusajo, nikamwambia bila kupamba, "Mdogo wangu, sielewi hata neno moja. Siku ile nilikubali kwa adabu tu." Akasema, "Nikimaliza mitihani nakuja, dada."

Kipupwe hakikumsubiri. Unaijua baridi ya Ufipa, upepo ule wa mwezi wa sita unaopita hata kwenye ukuta. Shangazi alikohoa siku chache tu, tukamzika Chanji. Lusajo alipoteremka stendi alinikuta nimejifunga kanga ya msiba.

Alikaa na ile kompyuta kutwa nzima. Na yeye, mwanangu, na usomi wake, ilimtoa jasho. Kuna kipande hakikuwamo kabisa kwenye ile sidii yake ya programu, ikabidi aende mjini kukitafuta kwenye intaneti, arudi, akwame, aende tena. Jioni programu ikaingia. Hakuniambia tena kwamba ni rahisi.

Kisha Deo akasema, "Shikamoo, mama."

Akanyamaza. Alijua mama yake angeitikia, akamwachia nafasi. Tulikuwa watu wanne chumbani, hakuna aliyekuwa na haki ya kusema marahaba. Halafu akaendelea, sauti yake ileile ya kuvutavuta ya Kifipa: "Kifua kinaendeleaje?"

Lusajo akaomba aizime. Nikamwambia mwache amalize. Nililia mpaka leo nikisimulia bado nalia, kama unavyoniona.

Basi nasaha yangu ni hii. Jana nilikusikia ukimfundisha yule binti wa jirani kuweka programu, ukamwambia hata mtoto anaweza. Usiseme hivyo. Kitu ni rahisi kwa aliyekwisha kukizoea, na mgeni ukimwambia rahisi umemfunga mdomo, ataona aibu kusema kimemshinda. Mwachie yeye kibodi, wewe kaa pembeni, usiondoke mpaka umeona kimefanya kazi kwa mikono yake. Na siku utakayokuwa mgeni wewe, sema sijui siku ileile, hata mbele ya wazee, hata mbele ya msiba. Kuuliza si ujinga. Adabu isiyouliza ilimnyima shangazi yangu salamu ya mwanawe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ujuzi, akupe na subira ya kukaa na asiyejua. Wanaokupenda wakikuita, wakukute ungali hai, uwaitikie.