Mama Alipoingia Kiwanjani Goma

Sisi tuliokulia Gisenyi kabla simu hazijaanza kutulelea watoto tulikuwa na magoti mabaya sana. Watoto wa siku hizi wana magoti laini kama ya maaskofu. Yetu yalikuwa na vidonda juu ya vidonda, na Jumapili Mama aliyapaka mafuta mpaka yang'ae, ili kanisani watu wadhani tuna adabu.

Tulicheza mpira wa majani ya migomba uliofungwa kwa kamba, ule unaovimba ukilowa maji na kukuacha na kisigino kinachouma. Tuliiba viazi jikoni tukavipeleka kwenye chemchemi za maji ya moto kando ya ziwa, tukavichemsha ndani ya soksi ya kaka yangu. Vilikuwa vitamu, na mpaka leo sijui ni chumvi ya maji au ya soksi.

Siku moja Mwalimu Ruta, aliyerudi kutoka Uganda na Kiingereza kingi kuliko nguo, alituletea mpira wa raga. Tulipouona tulidhani umekaliwa na mtu mnene. Alitufundisha ufukweni, kwenye mchanga, na sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa hatukuambulia kitu. Tulichoelewa ni kwamba ukimkuta mwenye mpira, unaruhusiwa kumwangusha. Nilikuwa na kaka wanne. Nilihisi mchezo huu umetengenezwa kwa ajili yangu.

Mama, mzaliwa wa Goma, hakuhisi hivyo. Kila asubuhi alivuka mpaka wa nchi kwa miguu kwenda kuuza sokoni Goma, beseni la vitunguu kichwani, akarudi jioni na habari zote za miji miwili. Habari za raga zilipomfikia aliniita uani.

"We Clarisse, uko mwanamuke ao uko trakta? Meno ikivunjika, nani atakuoa? Nisisikie tena!"

Baba alikuwa karani, mtu mpole aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake cha kunyooka. Aliniangalia, akaangalia mawingu. Kesho yake Mama alipouliza niko wapi, alimjibu, "Clarisse yuko kwaya." Akaendelea kujibu hivyo muhula mzima. Mama alipoyaona magoti yangu akashangaa ni kwaya gani inayochubua watu. Baba akasema wanasali sana kabla ya kuimba.

Kisha tukaalikwa kucheza Goma. Mwalimu Ruta alituambia kwamba kocha mmoja kutoka Kampala angekuja kutazama, anatafuta wasichana wa timu yake. Sikulala vizuri. Tulivuka mpaka kwa mstari, tukiwa na jezi za kuazima zilizotufika magotini, na mimi nikijificha nyuma ya wenzangu nisije nikakutana na beseni la vitunguu.

Kiwanja kilikuwa kokoto nyeusi za volkano. Goma walikuwa na msichana anayeitwa Furaha, mpana wa mabega, lakini hakuwa na furaha yoyote aliponijia. Niliposhika mpira mara ya kwanza alinibeba, akanilaza chini, akanilalia. Nikiwa pale natafuta pumzi, nikasikia sauti niliyoijua tangu tumboni.

"Nani ameangusha mutoto yangu?"

Njia ya kwenda sokoni ilipita kando ya kiwanja. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama alikuwa ameshaingia katikati, kitenge kimelegea, beseni bado liko kichwani. Mwamuzi alipiga filimbi akamwomba atoke.

"Mutoto yangu iko chini, na we unanipigia filimbi?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu Ruta alitamani ardhi ya volkano ipasuke tena. Mama akageuka, akanitazama nilivyo, damu kwenye kiwiko na jezi ya mtu mwingine. Nilijua raga yangu imekwisha hapo hapo. Akamuuliza mwalimu, "Hii mupira, wanaipeleka wapi?" Mwalimu akaonyesha mstari ule wa mbali. Mama akaupima kwa macho, akapima na mabega ya Furaha.

"Bon. Clarisse, simama. Peleka."

Nikasimama. Nilipopata mpira tena Furaha alikuja, nikamwingia kwa bega chini ya mbavu, nikampita, nikakimbia mpaka nikaubandika mpira nyuma ya mstari na pua yangu ikaingia kwenye kokoto. Mama alipiga vigelegele hata vitunguu vikamwagika. Tulifungwa vibaya siku ile, lakini yule kocha aliniulizia jina. Usiku Baba alikula ugali bila mboga. Kwaya yake ilikuwa imefika mwisho.

Yule kocha alinichukua Kampala, na kutoka huko nilipelekwa Ufaransa, nikalipwa mshahara kwa kuangusha watu. Msimu wa kwanza nilikaa benchi miezi mizima, nimejifunika blanketi. Nilipoingizwa hatimaye, beki mmoja alinilaza kwenye nyasi laini kama zulia. Nikaangalia kando ya uwanja. Kulikuwa na watu wengi, wametulia kwenye viti vyao, hakuna hata mmoja aliyekuwa anakuja.

Sasa nimerudi, nafundisha wasichana pale pale ufukweni. Wana viatu vyenye njumu na chupa za maji zenye majina yao. Akianguka mmoja, kwanza anauliza kama imerekodiwa. Mama zao wanakaa kwenye viti wakipiga picha, wakisema, "Vizuri sana, chérie," hata mtoto akiangusha mpira. Wana bahati, nami nafurahi kwa ajili yao. Lakini hawatajua utamu wa kukimbia na kitu ulichokatazwa. Nimewaomba wazazi wawili watatu wajaribu kuwakataza kidogo tu, wiki moja hivi. Wamenitazama kama mgonjwa.